Rangi Iliyokataa Kung'aa

Fundi alilizunguka gari mara mbili. Akagonga boneti kwa kidole kama mtu anayechagua nazi sokoni, akachokoa rangi iliyobanduka juu ya tairi la mbele, na kipande kizima cha ukubwa wa chapati kikamdondokea mkononi. Akakitazama kile kipande, akamtazama Mwalimu Cornel, kisha akataja laki saba na nusu.

Mwalimu Cornel alicheka, akidhani ni utani. Fundi hakucheka. Alianza kueleza habari za kukwangua, kuziba mashimo kwa puti, rangi ya chini, rangi ya juu na ile ya kung'arisha, akamalizia kwamba hiyo ni bei ya upendo, maana mama yake mzazi naye alikuwa mwalimu. Cornel alikuwa na shilingi elfu tisini na tano mfukoni. Akamshukuru fundi kwa heshima zote, akasema atapita wiki ijayo, maneno ambayo mafundi wote wa Kibaha wanajua maana yake.

Ubovu wa gari haukuwa shida. Gari lilikuwa linawaka na linatembea, na mwalimu mkuu mstaafu aliyemuuzia alikuwa amemwapia kwamba injini yake itawazika wote wawili. Kwenye kadi ya gari iliandikwa rangi nyeusi. Jua la Pwani lilikuwa limeila ile rangi miaka mingi, sasa gari lilikuwa la kijivu huku, zambarau kule, na juu ya paa lilikuwa bati tupu. Hata hilo halikumnyima Cornel usingizi. Shida ilikuwa Jumapili.

Jumapili hiyo Bi Maua, mama yake mkewe Yosefina, alikuwa anakwenda kutoa shukrani kanisani Maneromango. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho baada ya miaka minne ya kushikwa mkono kwenda hata chooni. Cornel, kwa furaha na kiherehere kidogo, aliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba mama asihangaike na usafiri, yeye atatoka Kibaha alfajiri, atamchukua nyumbani Masaki, ile ya Kisarawe, na kumfikisha kanisani. Kisha Vicent, kaka mkubwa wa Yosefina, mnunuzi wa korosho mwenye pikapu nyeupe ya milango minne, akajibu: "Lile gari lenye mba? Mama hapandi. Nitampeleka mimi." Watu kumi na mmoja waliweka alama ya kucheka. Mmoja wao alikuwa Yosefina mwenyewe, ambaye baadaye aliapa kwamba kidole kiliteleza.

Kilichomuuma Cornel zaidi hakikuwa ile mba. Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa, Bi Maua hakuwahi kumwita mkwe. Alimwita mwalimu, vilevile kama walivyomwita wauza nyanya na vijana wa kituo cha bodaboda. Hakumchukia wala hakumsema vibaya. Alikuwa bado anamtazama tu, na macho yalipoanza kufifia, Cornel alihofu moyoni kwamba mama yule atapofuka kabla hajamaliza kumtazama. Sasa macho yamerudi. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kuonwa.

"Baba Recho, mwache kaka ampeleke mama," Yosefina alimwambia jioni ile, akichambua mchele. "Sisi tutafuata nyuma."

"Kufuata nyuma nimefuata miaka kumi na miwili," Cornel akajibu. "Nitalipaka mwenyewe."

Yosefina akaendelea kuchambua mchele. Alimjua mumewe. Ndiye huyu aliyetengeneza redio mwenyewe, ikawa inashika kituo kimoja tu, cha Kireno.

*

Ponsiano alikuwa fundi wa kupaka nyumba, si magari, lakini alikuwa jirani na alikuwa tayari kulipwa kidogo kidogo. Alimweleza Cornel kwamba rangi ni rangi. Bati la gari na bati la nyumba vyote ni bati, tofauti ni kwamba moja lina matairi. Baada ya kununua msasa, thina, puti ya kopo dogo na selotepu ya karatasi, zile elfu tisini na tano zilikuwa zimebaki ishirini na nane, na dukani kopo la rangi nyeusi ya gari lilianzia mbali kuliko hapo.

Ndipo Ponsiano alipokumbuka ndoo yake. Ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mabati, ndoo ya mafuta ya kula yenye kifuniko kilichofungwa kwa mpira wa tairi. Alisema ni rangi iliyobaki kwenye kazi fulani ya zamani aliyofanya na mwenzake, mwenzake sasa yuko Songea, makopo yenyewe yalitoboka kwa kutu ndiyo maana akaimimina humo. Rangi ya nini hasa, hakumbuki. Nyeusi, nzito, ya mafuta. Angemwachia mwalimu kwa elfu ishirini.

Cornel akafungua kifuniko, akainama, akanusa. Hapo ndipo alipopotea. Ile harufu ilimwingia ikamtuliza kabisa. Alihisi kama anaifahamu. Ilimletea picha za asubuhi za Januari, madirisha yamefunguliwa, watoto wamevaa sare mpya na kila kitu kinaanza upya. Hakujiuliza kwa nini. Alijiambia tu kwamba kitu chenye harufu ya kuaminika namna hii hakiwezi kuwa feki, akatoa noti mbili za elfu kumi.

"Itang'aa?" aliuliza, kwa uhakika zaidi.

"Ikikauka," Ponsiano akasema.

*

Siku mbili walikwangua. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Cornel alishinda uani na msasa mpaka ncha za vidole zikawa laini kama za mtoto, na Recho, binti yao wa darasa la nne, akakatazwa kulikaribia gari. Ijumaa asubuhi ilipofika, gari likiwa limepigwa puti na kuvishwa magazeti kwenye vioo, likatokea jambo jingine. Barabara ya mtaani ilikuwa inachongwa na greda, na kila lori la kifusi lilipopita, vumbi lilikuja likatua uani kwao bila kubisha hodi. Ponsiano alisema rangi mbichi na vumbi haviendani. Walihitaji kivuli, kitu kikubwa cha kufunika juu na pande.

Cornel alikuwa katibu wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaa. Ufunguo wa stoo ya chama ulikuwa kwenye pete moja na ufunguo wa gari. Alikwenda mwenyewe saa moja asubuhi, akachukua turubai na nguzo zake, na kufika saa mbili likawa limesimama uani, la bluu, kubwa, linaonekana toka barabara kuu. Kazi ikaanza. Ponsiano alishika rola upande wa kulia, Cornel upande wa kushoto, na rangi ikawa inashika vizuri ajabu.

Sasa, katika mtaa ule, turubai lile halikuwahi kusimamishwa kwa ajili ya kitu kingine chochote isipokuwa kifo. Hata harusi zilikodi la kwao. Cornel alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwani ndiye aliyeandika hiyo kanuni. Lakini mtu mwenye rola mkononi hakumbuki kanuni.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Jabiri, na kiti chake cha plastiki begani. Alimkuta Yosefina amekaa kwenye ngazi ya mlango, kashika tama. Yosefina alikuwa anawaza tu kwamba mumewe ameacha elfu nane nyumbani na wiki haijaisha. Lakini mwanamke aliyeshika tama, mbele ya turubai la msiba, haulizwi swali. Mzee Jabiri akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba sisi sote ni wa njia hiyo, akafungua kiti chake akakaa.

Yosefina akamwamkia, "Shikamoo, mzee," akidhani amekuja kupumzika.

"Marahaba, mwanangu. Jikaze."

Alikuwa bado anatafakari ajikaze kwa lipi, pale Bi Mwamvita alipotokea mlangoni mwa ua akiongoza akina mama tisa wenye kanga mabegani, wawili wana kuni kichwani, mmoja sufuria la maharage yaliyokwishachambuliwa. Bi Mwamvita ndiye aliyekuwa mweka hazina wa chama, na kwa misiba hakuwa na mpinzani. Alimwona Yosefina, akaona turubai limefungwa pande zote kwa shuka, akanusa ile harufu nzito iliyokuwa inatoka humo, akapiga kite.

"Mwalimu wetu jamani. Juzi tu nimeonana naye gengeni."

Wenzake wakapokea. Kilio kikatanda uani, cha kupanda na kushuka. Yosefina akasimama mikono kichwani akijaribu kuwaeleza, nao wakamshika huku na huku wakimwambia alie tu, asijizuie, ni ubinadamu. Hapo shuka likafunuliwa na Cornel akatoka, mweusi kuanzia nywele hadi shingo, macho tu yanameta, rola mkononi, kuja kuona kelele za nini. Bi Mwamvita alirudi nyuma hatua tatu, akaliangusha sufuria na kuyakanyaga maharage.

Ilichukua muda kila mtu kuelewa. Ilipoeleweka, Cornel alitamani kweli awe amekufa. Aliomba radhi kwa Kiswahili cha risala. Mzee Jabiri alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba watu wamekwishakaa, kuni zimekwishafika, na kuwarudisha majumbani na njaa itakuwa mkosi. Isitoshe, katika maisha yake amehudhuria misiba mingi, lakini usio na maiti hajawahi, na anaona ndio mzuri kuliko yote.

Basi maharage yakaokotwa, yakaoshwa, yakapikwa. Elfu nane za Yosefina zikaenda kwenye mchele na sukari. Kabla ya kuondoka, wageni waliomba kuliona gari, wakapita mmoja mmoja, wakaingilia upande wa boneti na kutokea upande wa buti, vichwa vimeinama, kama wanaaga.

"Mbona haling'ai?" Bi Mwamvita aliuliza alipofika kwenye taa za nyuma.

"Bado bichi," Ponsiano akasema.

*

Jumamosi asubuhi rangi ilikuwa imekauka, na haikung'aa. Ilikuwa nyeusi tii, imelala sawasawa bila michirizi, lakini haikurudisha mwanga hata chembe. Ponsiano aliitwa. Alisema itang'aa ikipigwa na jua. Turubai likashushwa, jua likalipiga gari mpaka saa tisa, likazidi kuwa jeusi. Alisema itang'aa kwa polishi. Polishi ikanywewa yote, na gari likabaki vilevile. Jioni Ponsiano alipigiwa simu, akawa hapatikani.

Cornel akabaki peke yake uani, ameegemea mlango wa nyuma wa kushoto, mikono mifukoni. Kwenye mfuko wa kulia mlikuwa na kipande cha chaki. Mifuko ya mwalimu haikosi chaki, kama ambavyo ya mkulima haikosi mchanga. Mawazo yake yalikuwa Masaki, kwa Vicent na ile pikapu. Mkono ukaitoa ile chaki wenyewe, na ukafanya kilicho kawaida yake kila mbele yake panapokuwa na kitu cheusi, kikubwa na kilichonyooka. Aliposhtuka, kwenye mlango wa gari pameandikwa, kwa mwandiko mzuri wa duara: a e i o u.

Chaki iliteleza vizuri sana. Haikukwaruza wala haikukatika.

Alisimama akizitazama zile herufi. Ile harufu ilimrudia, na safari hii akajua alikoifahamu. Kila Januari, kwa miaka kumi na minane, kabla watoto hawajafungua shule, alikuwa anaingia darasani wakati mbao zimetoka kupakwa. Alikuwa amelipaka gari lake rangi ya ubao.

Alichukua kitambaa akafuta. Chaki ilitoka, lakini herufi zilibaki kama kivuli cheupe, na hapo akakumbuka jambo ambalo yeye mwenyewe huwafundisha walimu wapya: ubao uliopakwa leo hauandikwi mpaka kwanza uusugue wote kwa ubavu wa chaki na kuupangusa, la sivyo maandishi ya kwanza huingia ndani na hayatoki tena. Alikwenda kuchota maji. Mlango ulipolowa, herufi zilipotea. Akashukuru Mungu. Mlango ulipokauka, zikarudi.

Yosefina alitoka jikoni akamkuta amechuchumaa na ndoo. Cornel alimweleza kila kitu bila kuficha, maana hakuwa na nguvu za kuficha. Yosefina alikaa chini palepale. Mabega yakaanza kumtikisika, na Cornel alidhani analia, akajiandaa kumbembeleza. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Kaka akiona hii," alisema alipopata pumzi, "tutahama Tanzania."

Lakini alipomaliza kucheka alimwonea huruma mumewe. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa kizuri zaidi, akakilowesha, akakiweka kwenye kiti cha mbele pamoja na chupa ya maji. Alimwambia kwamba watakuwa wanaulowesha mlango kila wakisimama. Mama haoni vizuri bado, na tangu bandeji itolewe wiki mbili zilizopita hajathubutu kufungua Biblia. Anasema akifungua akakuta weupe mtupu kama zamani, moyo wake hautastahimili. Herufi tano za mlangoni hataziona.

*

Walitoka Kibaha bado giza, Recho amelala nyuma, na jua lilipopanda walikuwa wamekwishaipita Kisarawe mjini. Mara tatu walisimama kulowesha mlango. Wapita njia waliona mtu mwenye suti anaosha mlango mmoja tu wa gari, kisha anaondoka.

Masaki waliikuta pikapu imetangulia. Ilikuwa imesimama katikati ya uwanja, imeoshwa na kupakwa nta, jua la saa mbili limeipiga ubavuni, hata kuku walikuwa wanapita mbali. Vicent alikuwa ameiegemea, amevaa miwani ya jua na saa kubwa. Alilitazama gari la shemeji yake likiingia, akavua miwani ili alione vizuri.

"Shemeji, hili umelitoa kwenye tanuru la mkaa?"

Watu waliokuwa uwanjani wakacheka. Cornel naye akacheka, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, na akajisogeza mpaka akaufunika ule mlango kwa mgongo wake. Maji yalimwingia kwenye suti, akavumilia.

Bi Maua akatoka ndani. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na kanga mpya, kichwa kimefungwa vizuri, na ile miwani nyeusi aliyopewa hospitalini. Hakuna aliyemshika mkono. Alikuwa anatembea mwenyewe, polepole, anatazama kila jiwe kabla ya kukanyaga. Cornel alitoa shikamoo kwa mbali, ameinamisha macho, kama inavyompasa mtu mbele ya mama mkwe wa Kizaramo.

"Marahaba, mwalimu," Bi Maua akasema.

Vicent akamfungulia mlango wa pikapu. Mlango ulipogeuka, kioo na ule weupe wote vikalirusha jua moja kwa moja usoni kwa mama. Bi Maua aliguta, akafunika macho kwa viganja, machozi yakamchuruzika chini ya miwani. Vicent akaifunga pikapu haraka, akajaribu kuisogeza, ikang'aa zaidi upande wa pili. Alimwambia mama afumbe macho, yeye atamwongoza mpaka kwenye kiti.

"Miaka minne nimefumba," Bi Maua akasema. "Leo sifumbi."

Akageukia upande mwingine kuyapumzisha macho, na mbele yake palikuwa na gari la Cornel, jeusi, kimya, halirudishi mwanga hata kidogo. Akashusha mikono. Akalitazama muda, akasogea, akalitazama tena bila kupepesa.

"Hili halinichomi," alisema. "Nitapanda hili."

Cornel akafungua mlango wa nyuma wa kushoto kwa haraka, akaufungua mpaka mwisho ili upande wa nje uugeukie mti wa uwanjani, na Bi Maua akaingia bila kuona kitu. Njiani, kwa heshima, Cornel alikipindua kioo cha ndani kikatazama paa, asije akakutana macho na mama mkwe wake. Kwa hiyo hakumwona Vicent aliyekuwa anafuata nyuma anakula vumbi lote la barabara ya Maneromango. Yosefina alimwona. Kila baada ya muda aligeuka, akatazama, akageuka tena mbele ametulia kabisa.

*

Ibada ilikuwa ndefu na nzuri. Bi Maua alitoa jogoo wawili na gunia la muhogo mkavu, akaimbiwa, na mchungaji akamwombea. Alipopewa kitabu cha nyimbo alikishika kimefungwa mpaka wimbo ulipokwisha. Cornel alikuwa amekaa benchi la nyuma na kitu kimoja tu kilikuwa kinamsumbua. Kwa haraka ya kuwahi ibada, chupa ya maji aliisahau kwenye kiti.

Walipotoka nje alikuta amechelewa. Vicent alikuwa amesimama kando ya gari kwenye kivuli cha kanisa, amezungukwa na nusu ya usharika, na vumbi jekundu lilikuwa limekaa kwenye mlango wote likiacha zile herufi tano zimejitokeza safi.

"Njooni muone," alikuwa anasema. "Mwalimu amepaka gari rangi ya ubao. Na kipindi cha kwanza ameshafundisha. Karibuni darasa la kwanza."

Watu wakacheka kwa nafasi, hata wazee wa kanisa. Recho akaanza kulia. Cornel alisikia masikio yanawaka moto. Alitaka kwenda mbele akaufute ule mlango kwa koti lake lakini akajikuta amejibana nyuma ya wazee wa kanisa, na alijua kwamba sasa ndiyo basi, jina la mwalimu amelibeba mpaka kaburini.

Bi Maua akapenya katikati ya watu. Waliokuwa wanacheka wakapunguza, kwa kuwa ni mama, na ni siku yake. Alifika kwenye mlango, akasimama kwenye kivuli, akavua ile miwani nyeusi akamkabidhi Yosefina. Akainama. Akanyoosha kidole, akakiweka chini ya herufi ya kwanza.

"A," alisema.

Hakuna aliyejua anafanya nini. Kidole kikasogea.

"E. I." Akanyamaza kwenye iliyofuata, akaikodolea, akamtazama Yosefina kama mtu anayeogopa kuamini. "O. Na hii ni u."

Akarudia toka mwanzo, safari hii bila kidole, kwa sauti ya darasani, vilevile alivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima akiwa msichana mwenye mtoto mgongoni. Alipofika mwisho alikuwa anacheka na kulia. Yosefina alimkumbatia kwa nyuma. Vicent alitoa leso akapangusa uso, akasema ni vumbi, na hiyo ilikuwa kweli kwa kiasi fulani.

Bi Maua akajinasua, akatafuta katikati ya watu mpaka akamwona aliyekuwa amejificha nyuma ya wazee wa kanisa, suti imekauka na alama ya maji mgongoni.

"Mkwe," aliita. "Huna chaki?"

Cornel alidhani anaitwa mtu mwingine, akageuka nyuma kumtafuta. Ikabidi Recho amvute mkono. Alipoelewa, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kipande, akampelekea mama mkwe wake kwa mikono miwili, macho chini.

Bi Maua aliandika polepole chini ya zile irabu, herufi kubwa, moja imepanda, nyingine imeshuka: MAUA. Akarudi nyuma kulitazama jina lake, akamwuliza mkwe wake kama amepatia. Cornel akamwambia amepatia yote.

*

Walimrudisha Masaki mchana, wakala, wakafungiwa korosho za kutosha. Vicent alimsindikiza Cornel mpaka kwenye gari, akalizunguka, akakohoa, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama hiyo rangi inaweza kupakwa kwenye pikapu, angalau ule upande anaokaa mama. Cornel alisema atamuuliza fundi wake, akipatikana.

Jioni, walipokuwa wanarudi Kibaha, askari wa usalama barabarani akawasimamisha. Alisoma kadi, akasoma gari. Kadi ilisema nyeusi, na jeusi kuliko lile hajapata kuliona. Akazunguka upande wa kushoto, akakaa huko kwa muda, akarudi dirishani. Alitaka kujua Maua ni kampuni gani, na kama wana kibali cha tangazo.

Yosefina alifungua mdomo kujibu, lakini mumewe alimwahi.

"Si kampuni, afande," Cornel alisema. "Ni mama mkwe wangu."

Askari akalitazama tena lile jina lililopanda na kushuka, akarudisha kadi, akawaruhusu waende. Jumamosi iliyofuata Yosefina aliliosha gari lote kwa sabuni na maji mengi, isipokuwa mlango mmoja.